Shangazi, mume wangu hataki kutia saini fomu ya chuo ya binti yetu

Shikamoo Shangazi. Naomba usinichoke, barua yangu ni ndefu.

Tunaishi Louisville, Kentucky. Tulifika hapa 2016 kutoka kambi ya Nyarugusu, na sote tuna kadi za ukaazi wa kudumu. Mume wangu yuko kwenye ghala la mizigo zamu ya usiku, mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kulelea. Kodi ya 2024 tuliijaza pamoja, na kipato chetu sote wawili kilikuwa dola 52,000. Nyumbani tuko sita: sisi wawili, watoto wetu watatu, na binti wa marehemu dada yangu. Huyu wazazi wake wote wawili walishatangulia mbele ya haki.

Binti yetu mkubwa yuko darasa la 12 na anataka kusomea uuguzi. Mshauri wa shuleni alimwambia ajaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo. Upande wake amemaliza, sasa fomu inamsubiri mzazi. Baba yake kakataa katakata. Sababu zake ni tatu. Ya kwanza, anasema FAFSA ni mkopo wa riba, na riba haiingii nyumbani kwake. Mtoto wa shemeji yangu alijaza hiyohiyo FAFSA, akaacha chuo katikati ya muhula, leo anakatwa mshahara. Ya pili, anasema akitia saini deni litakuwa lake. Ya tatu, tunataka kuomba uraia, na anaogopa tukionekana tunachukua pesa za serikali tutanyimwa.

Pana bwana mmoja wa hapa kwetu anawajazia watu kwa dola 200. Anataka barua pepe ya binti, neno lake la siri, na namba zetu zote. Amesema baba hana haja ya kujua.

Nina mengine madogo. Mimi ndiye mtunza hazina wa upatu wa kina mama, na sasa hivi kuna dola 4,800 za watu kwenye akaunti yangu ya benki. Je, zitahesabiwa kuwa utajiri wangu? Kila mwezi tunamtumia mama mkwe na ndugu waliobaki kambini dola 300. Hizo zinapunguzwa kwenye kipato? Na huyu binti wa marehemu dada yangu, mwakani ni zamu yake. Nani atamtilia saini?

Zaidi ya yote nauliza: nijaze mwenyewe kimyakimya, au nimwache baba watoto ashinde?

Mama wa Nyumba ya Watu Sita, Louisville

*

Marahaba mwanangu. Sijachoka hata kidogo.

Nianze na neno ambalo mumeo anapaswa kulisikia kabla ya mengine yote: FAFSA si mkopo. Ni fomu ya kuomba, tena ya bure, inayoeleza serikali familia yenu ina uwezo gani. Ikishapokelewa, serikali inakokotoa namba moja inayoitwa SAI na kuipeleka kwenye vyuo ambavyo binti yako ameviorodhesha. Namba hiyo ikiwa ndogo, uhitaji unaonekana mkubwa. Inaweza hata kushuka chini ya sifuri, mpaka hasi 1,500. Chuo kikishaiona ndipo kinapanga binti apewe nini. Hadi hapo hakuna mtu aliyekopa hata senti.

Kwenu ninyi ninaweza kwenda mbali zaidi ya maelezo ya jumla, kwa sababu umenipa hesabu. Ruzuku kubwa ya serikali kuu inaitwa Pell. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–26 kiwango chake cha juu ni dola 7,395, na hailipwi tena. Sheria inasema familia ya wazazi wawili yenye kipato kisichozidi asilimia 175 ya mstari wa umaskini uliowekwa na serikali, mtoto wake anapata kiwango cha juu. Kwa nyumba ya watu sita, ukipiga hesabu kwa mstari wa 2024, mpaka huo uko juu ya dola 73,000. Ninyi mna 52,000. Kwa hiyo kama majibu yenu kwenye fomu ni hayahaya uliyoniandikia, na binti akajiandikisha kusoma muda wote, natarajia apate Pell nzima kila mwaka, nusu muhula wa kwanza na nusu wa pili. Mumeo anapokataa kutia saini, hizo ndizo pesa anazozirudisha.

Sasa riba. Mimi si shekhe na sitajifanya mmoja. Lakini hili linatatuliwa kwa karatasi, halihitaji fatwa. Chuo kikishamkubali binti, kitamtumia orodha ya msaada, kila aina kwenye mstari wake, na kila mstari una pa kukubali na pa kukataa. Akubali ruzuku na skolashipu, akatae mikopo, basi. Kukataa mkopo hakumwondolei Pell. Na hata kama angeubonyeza mkopo kwa bahati mbaya, hautoki hivihivi: anayekopa mara ya kwanza anatakiwa apitie mafunzo ya mkopaji na atie saini hati tofauti kabisa ya kuahidi kulipa. Fomu ya FAFSA peke yake haiwezi kuleta riba nyumbani kwenu, na mumeo ana haki ya kuonyeshwa hilo kwa macho yake.

Tuje kwa mtoto wa shemeji. Sijaona makaratasi yake, ila namna ya kuingia kwenye shimo hilo ni ileile kila mara. Kijana anapokea barua ya chuo, anabonyeza kubali, kubali, kubali hadi chini. Anaacha masomo katikati ya muhula. Hapa watu wengi hawajui: anayejitoa kabla ya kumaliza asilimia 60 ya muhula huhesabiwa kuwa hakuustahili msaada wote. Sehemu isiyostahili hurudishwa serikalini, na chuo kinaweza kumgeukia yeye kwa ada iliyobaki wazi. Hata Pell inaweza kudaiwa sehemu yake kwa njia hiyo, na hapo ndipo mara nyingi ruzuku hugeuka deni kwa mwanafunzi wa kawaida. Miezi sita baada ya kuacha chuo, mkopo unaanza kudaiwa. Kijana kahama nyumba, barua zinakwenda anwani ya zamani. Zikipita siku 270 bila malipo anaandikwa mdaiwa sugu, na serikali ina uwezo wa kukata hadi asilimia 15 ya mshahara wake baada ya makato ya lazima, na kuchukua marejesho yake ya kodi, bila hata kwenda mahakamani. Mwambieni asijifiche. Apige simu kwa kitengo cha Wizara ya Elimu kinachoshughulikia mikopo ya wadaiwa sugu, Default Resolution Group, aulize kuhusu kuurekebisha na kulipa kulingana na kipato. Dawa ya deni ni kulipa, na kwa mwenye mshahara mdogo mara nyingi kuna mpango wa kulipa kidogo. Lakini kosa lake lilikuwa kukopa bila kujua anakopa na kuondoka bila kuuliza. FAFSA haina lawama hapo.

Hofu ya pili, kwamba saini ya mzazi inamfunga kwa deni. Fomu inamtaka mzazi atoe taarifa zake na akubali mamlaka ya kodi ipeleke takwimu moja kwa moja. Hajaahidi kulipa kitu. Kukubali huko ni lazima; mzazi akikataa, binti hapati msaada wowote wa serikali kuu, hata ujaze mengine yote kwa usahihi. Mkopo ambao kweli unakuwa wa mzazi upo, unaitwa Parent PLUS, na nitaueleza chini. Huo nao unaombwa kwa fomu yake na saini yake. Haumnyemelei mtu usingizini.

Hofu ya tatu naiheshimu zaidi, kwa sababu mtu aliyewahi kuishi kambini anajua karatasi moja inavyoweza kuharibu mambo. Kupokea Pell si kikwazo cha uraia. Ile kanuni ya kumzuia mtu anayeonekana atakuwa mzigo kwa serikali hutazamwa kwa anayeomba kuingia nchini au kupata ukaazi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anayeomba uraia hapimwi kwayo. Kwa upande wa binti, mwenye kadi kama yake anaruhusiwa kupata msaada huu kama raia anavyoruhusiwa. Anachagua mahali panaposema yeye si raia lakini anastahili, anaandika namba yake ya A iliyo kwenye kadi. Basi.

Ila hapohapo pana hatari ya kweli, na ndiyo sababu ya kwanza ya kumkimbia yule bwana wa dola 200. Mtu anayejaza fomu kumi kwa usiku mmoja anabonyeza "raia" bila kufikiri. Kujitangaza raia wa Marekani wakati si raia, kwenye fomu ya kuomba faida ya serikali, ni kosa zito sana katika sheria za uhamiaji. Linaweza kumnyima mtu uraia na hata kumfukuzisha nchini. Kwa kuogopa fomu halali, mngejikuta mmemlipa mtu awatengenezee tatizo lenyewe.

Sababu ya pili: hilo neno la siri ndilo saini ya binti yako kisheria. Kila mwenye akaunti anatakiwa awe nayo peke yake, mtoto yake na mzazi yake. Anayelishika anaweza kubadilisha anwani, kuangalia namba zenu, hata kuomba mkopo. Fomu ni bure kwenye studentaid.gov, na anayekudai pesa ili uijaze anakuuzia hewa. Mshauri wa shule aliyeanza na binti yako analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Muombe akupangie siku na mkalimani. Ofisi ya msaada wa fedha ya chuo chochote anachoomba nayo itawasaidia bure. Wala usiogope kumkatalia yule bwana. Mwambie baba watoto ndiye anayejaza, atanyamaza.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako kubwa, la kujaza kimyakimya.

Kwa mujibu wa utaratibu, unaweza. Mzazi na mzazi wakiwa wameoana na walijaza kodi pamoja mwaka unaohusika, fomu inahitaji mzazi mmoja tu aingie na kutia saini. Ninyi mlijaza pamoja 2024, na fomu ya mwaka wa masomo 2026–27 inatazama kodi ya 2024. Kwa hiyo akaunti yako wewe inatosha. Hata mzazi asiye na namba ya Social Security siku hizi anaweza kufungua akaunti, sembuse wewe.

Lakini usifanye kwa siri, mwanangu. Simtetei mumeo kuwa bwana wa kila karatasi ndani ya nyumba, la. Kwenye fomu ile kuna kipato chake na jina lake, chuo kinaweza kuichagua kwa ukaguzi na kuomba nyaraka zaidi za familia, na barua zitakuja nyumbani. Atajua tu. Siku atakayojua, hoja yake kwamba jambo hili lina ujanja ndani itakuwa imepata ushahidi. Na binti atakuwa ameingia chuo akiwa amebeba siri ya mama dhidi ya baba, mzigo ambao hakuuomba.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Siku ambayo mume ana mapumziko ya zamu, akishakula, akae na binti mbele ya kompyuta. Si wewe, binti. Amsomee kila swali kwa Kiswahili. Baba akisikia mtoto wake anamfafanulia, anakuwa mwalimu wa kusahihisha badala ya hakimu wa kukataza. Mwambie ahesabu mwenyewe mara ngapi fomu imemtaka akubali kukopa. Kisha mpatane kwa maneno yanayotamkika: ruzuku tunapokea, mkopo hatuchukui bila wewe kuusoma. Kama baada ya hapo bado anakataa, mpe siku chache, halafu jaza kwa akaunti yako, na mwambie usoni kwamba umejaza. Mzazi wa mtoto ni wewe pia.

Siku chache, nimesema, si miezi. Fomu hufunguliwa ifikapo 1 Oktoba kila mwaka kwa ajili ya mwaka unaofuata. Tarehe ya mwisho ya serikali kuu ni mbali mno, 30 Juni mwishoni mwa mwaka wenyewe wa masomo, na tarehe hiyo imewapoteza wengi, maana jimbo na vyuo havisubiri. Kwenu Kentucky kuna ruzuku ya jimbo inayoitwa CAP kwa wenye uhitaji, na maombi yake ndiyo FAFSA hiyohiyo. Inatolewa kwa anayewahi, mpaka fungu liishe. Mwenye kipato cha 20,000 aliyejaza Aprili anaweza kukosa wakati aliyejaza Oktoba amepata. Kuna na nyingine inayoitwa KEES, ambayo binti yako pengine amekwisha kuichuma bila kujua: kila mwaka wa sekondari aliomaliza kwa wastani wa alama (GPA) wa 2.5 au zaidi unamwekea kiasi, na matokeo mazuri ya mtihani wa ACT yanaongeza. Hiyo haiombwi, shule hupeleka alama zake. Afungue akaunti kwa KHEAA, taasisi ya jimbo inayosimamia zote mbili, aone salio lake.

Nikuambie mapema jambo moja ili mumeo asije kulisikia msikitini kwa mtu mwingine: fedha za KEES na CAP zinatokana na bahati nasibu ya jimbo. Pell haitokani na hiyo. Namna gani mtalipokea hilo, ongeeni na mnayemwamini katika dini. Mimi nimefikisha.

Upatu sasa. Familia yenye kipato kilicho chini ya dola 60,000 na kodi isiyo na majedwali ya biashara, nyumba za kupangisha na mengine ya namna hiyo, haiulizwi kabisa mali na akiba. Ninyi mko humo, kwa hiyo hizo 4,800 huenda hata swali lake msilione. Nyumba mnayoishi haiulizwi kwa mtu yeyote, wala akiba ya uzeeni. Pamoja na hayo, ziondoe hizo pesa kwenye akaunti yako. Fungueni ya kikundi, na daftari la zamu liwe na saini za wenzako. Si kwa ajili ya FAFSA tu. Mweka hazina aliyechanganya pesa za watu na za mboga anatafuta kesi.

Za kambini, jibu langu halitakupendeza. Hazipunguzwi. Fomu inamhesabu kuwa wa nyumba yenu mtu anayeishi nanyi na ambaye mnambebea zaidi ya nusu ya matunzo yake, na mama mkwe aliye Nyarugusu hakai nanyi. Kwa kipato chenu haitabadili Pell. Lakini kwa msomaji mwingine ambaye yuko juu kidogo ya mpaka: chuo kina mamlaka ya kuangalia upya hali ya familia, na afisa wa msaada wa fedha anaweza kurekebisha takwimu akiona ushahidi. Aliyepunguzwa kazi baada ya mwaka ule wa kodi, au aliyelipa hospitali pesa nyingi, hupata nafuu kwa njia hii kuliko anayetuma pesa nje. Huyu wa pili anaweza kujaribu, akiwa na risiti zake zote, na akijiandaa kuambiwa hapana. Uamuzi wa chuo katika hilo hauna rufaa serikalini.

Kabla hamjabonyeza kutuma, angalieni majina na tarehe. Wengi wenu mlioletwa kama wakimbizi mliandikiwa 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa, na jina la ukoo likakaa mbele shuleni na nyuma kwenye kadi. Binti aandike jina kama lilivyo kwenye kadi ya Social Security, na tarehe ileile iliyoandikishwa huko Social Security, hata kama nyumbani mnajua alizaliwa msimu wa mvua. Zisipolingana, fomu inakwama, na wiki zinapita kwa kitu kidogo kama herufi moja.

Sasa barua ya chuo, maana hapa ndipo wenye akili zao hupotea. Vyuo havina umbo moja la kuiandika, na vingine hujumlisha kila kitu chini ya kichwa kimoja cha msaada, jumla yake ikionekana nono. Tuseme chuo kinasema gharama ya mwaka mzima ni dola 30,000, ndani yake ada, chumba, chakula na vitabu. Kisha kinamwandikia: Pell 7,395, ruzuku ya jimbo 4,000, skolashipu ya chuo 6,000, kazi ya mwanafunzi 2,500, mkopo wenye nafuu ya riba 3,500, mkopo usio na nafuu 2,000, Parent PLUS 4,605. Jumla 30,000. Mtoto anakimbia jikoni akipiga vigelegele kwamba amelipiwa chote.

Hajalipiwa chote. Chukua kalamu uanze na zile tatu za mwanzo: 17,395. Hizo ndizo zawadi. Toa kwenye 30,000, inabaki 12,605, na hiyo ndiyo bei yenu halisi kwa chuo hicho. Kazi ya mwanafunzi si pesa iliyopo: ni ruhusa ya kutafuta kibarua chuoni na kulipwa kadiri anavyofanya kazi, haiwezi kulipa bili ya Agosti. Mikopo miwili ya binti ni 5,500, ambayo ndiyo ukomo wa mwaka wa kwanza kwa mwanafunzi anayetegemea wazazi. Tofauti ya hiyo miwili ni kwamba ule wenye nafuu serikali inalipa riba yake akiwa masomoni, ule mwingine riba inaanza kuhesabiwa tangu pesa inapotoka. Kwa mikopo ya 2025–26 riba ni asilimia 6.39. Parent PLUS ni wa mzazi, kwa jina la mzazi, riba yake mwaka huohuo ni 8.94, na juu yake kuna ada ya kuutoa inayokatwa kabla hamjaipokea. Kuanzia 1 Julai 2026 serikali imeuwekea ukomo, dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja hadi amalize. Mikopo hiyo ilikuwa imezidi kuwalemea wazazi. Mumeo akiuona mstari huo, hapo aseme hapana kwa sauti kubwa kadiri apendavyo, nami nitamuunga mkono.

Kila barua itakayokuja, fanyeni hesabu hiyo na kuziweka sambamba. Chuo chenye ada kubwa mara nyingine kinashinda kwa sababu kinatoa zawadi zaidi, kwa hiyo asivifute kwenye orodha kwa kutazama bei ya nje. Fomu inapokea hadi vyuo 20. Baadhi ya vyuo binafsi vitaomba pia fomu nyingine inayoitwa CSS Profile, ambayo hulipiwa, ila kwa familia ya hapa Marekani yenye kipato cha hadi dola 100,000 ni bure.

Na mngeniuliza mimi, kwa uuguzi bila mkopo ningetazama kwanza chuo cha jamii cha miaka miwili, binti akikaa nyumbani. Katika majimbo mengi, Kentucky ikiwemo, Pell nzima hulipa ada yote ya masomo huko na kubakisha kidogo cha vitabu. Mwenye diploma ya uuguzi ya miaka miwili anaruhusiwa kufanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN, sawa na mwenye digrii, kisha akiwa kazini anaendelea na digrii, na hospitali nyingi husaidia ada hiyo. Ugumu ni kwamba nafasi za uuguzi zinagombewa. Kukubaliwa chuoni si kukubaliwa kwenye uuguzi wenyewe. Aulize alama zipi za baiolojia na hesabu zinatakiwa, leo, kabla ya darasa la 12 kwisha. Na aulize kipimo cha chuo cha kuendelea kupata msaada, maana akifeli na kuacha vipindi ovyo Pell inasimamishwa. Vyuo vingi vinataka wastani wa 2.0 na kufaulu karibu theluthi mbili ya masomo aliyojiandikisha.

Amebaki binti wa marehemu, Mungu amrehemu mama yake. Kwenye fomu hii shangazi, mjomba au mama mdogo si mzazi, hata kama amemlea tangu anatambaa, isipokuwa amemuasili kisheria. Ninyi hamtamtilia saini, na msijiandike kuwa wazazi wake kwa nia njema, mtamharibia. Mwanafunzi ambaye wazazi wote wawili wamefariki, na alikuwa hivyo wakati wowote baada ya kufikisha miaka 13, anahesabiwa anajitegemea. Atajaza kipato chake mwenyewe tu, ambacho ni kama hakuna, na mshahara wenu hauingii. Mahakama ikiwa iliwahi kuwapa ninyi ulezi wa kisheria, hiyo nayo ni njia ya kuhesabiwa anajitegemea.

Chuo kinaweza kumtaka athibitishe. Najua vyeti vya vifo kutoka kule mlikopita ni shida kuvipata, kwa hiyo anzeni kukusanya sasa, mwaka mzima kabla: karatasi za UNHCR zinazomtaja kuwa yatima, faili la kupokelewa kwenu Marekani kutoka kwa shirika lililowahudumia, barua ya mfanyakazi wa jamii au ya shule. Mwiteni huyo naye siku mtakapokaa mbele ya kompyuta na dada yake. Akiona mara moja jinsi inavyojazwa, mwakani hatawahitaji hata ninyi.

Shangazi